Juu ya Dari, Nyuma ya Plasta

Mpangaji mgeni akihamia Ukunda, kinachomkosesha usingizi kwanza si joto wala mbu. Ni dari. Usiku ukishatulia huja mkwaruzo mwepesi pembeni mwa chumba, kisha kitu kizito kinatua juu ya bodi, kinanyamaza, kinaanza kukimbia. Wenyeji hawaamki tena, ila masikio yao yanajua nani ni nani. Mbio fupi zinazokatika kando ya ukuta ni za panya. Kishindo kimoja, halafu kingine mbali kidogo, ni komba aliyeruka kutoka mnazini. Hatua za pole, zenye uzito wa paka katika nyumba isiyofuga paka, ni za kanu. Na ule msukosuko mwembamba wa wengi wanaoteta, unaozidi saa ya magharibi kisha ukakatika ghafla, ni wa popo wanaotoka kuwinda. Watarudi alfajiri.

Diani, jirani ya Ukunda, imejengwa ndani ya msitu, na vipande vya msitu huo bado vimesimama kati ya hoteli, nyumba za kukodi na barabara ya ufuoni. Mbega ndiye maarufu zaidi. Shirika la Colobus Conservation limemtetea tangu 1997, na ngazi za kamba zilizotundikwa juu ya barabara ili avuke salama zimekuwa kivutio zenyewe. Lakini mbega hakai darini. Wanaohamia humo ni wale waliozoea kulala kwenye matundu ya miti mikubwa. Mti wenye tundu ukikatwa, tundu lililo karibu zaidi ni pale mabati yanapokutana na ukuta. Komba ana tabia ya kulowesha viganja na nyayo zake kwa mkojo, ndiyo maana doa la hudhurungi kwenye dari nyeupe si lazima liwe la mvua. Kanu naye hupenda kwenda haja mahali pamoja, palipoinuka, siku baada ya siku. Pakiwa juu ya dari ya jipsamu, chumba cha chini hupata habari kabla ya mwenye nyumba.

Kelele hizo ndizo sehemu nyepesi ya habari. Zito ni kwamba nyumba za mwambao huu wa kusini zimejifunza kuficha, na kuficha huko ni jambo jipya.

Nyumba ya udongo ya Msambweni au Lungalunga haina siri. Nguzo zimechimbiwa chini, fito zimefungwa kwa marefu na mapana, udongo umekandikwa katikati na ukuta ukasiribwa. Juu, makombamoyo yanapanda hadi kwenye mwamba, mtambaapanya umelala juu ya kuta, na makuti ya viungo yamepangwa safu kwa safu. Mwenye nyumba akilala chali anaona kila kipande kinachomhifadhi. Kuti lililooza linapitisha nukta ya mwanga. Fito iliyoingiliwa na mchwa imeota mfereji wa udongo. Boriti iliyoanza kupinda inapinda mbele ya macho yake, kidogo kidogo, na anajua ni mwaka gani ilianza. Ukaguzi hufanyika kila asubuhi bila mtu yeyote kuuita ukaguzi.

Nyumba mpya ya Ukunda au Kombani ni ya mawe, imepigwa plasta ndani na nje, sakafu ni vigae, juu mabati ya rangi, na chini ya mabati kuna dari ya jipsamu yenye taa zilizozamishwa. Inapendeza, sikatai. Lakini katika siku chache za mwisho za ujenzi imefunika mbao, nyaya, mabomba, nondo na viungo vya mawe, vyote kwa mpigo, na mara nyingi haikuachwa hata nafasi ya mtu kuingiza kichwa. Kinachochekesha ni kwamba hatua chache upande wa baharini, mtalii analipa pesa nzuri ili alale chini ya makuti na makombamoyo yaliyo wazi, ayatazame mpaka usingizi umchukue. Tunamuuzia uwazi tulioukimbia.

Sisemi turudi kwenye udongo. Ule mwanya kati ya ukuta na paa, uliokuwa ukitoa moshi na joto, ndio mlango mkuu wa mbu aenezaye malaria. Anofelesi hupanda ukuta kwa nje na kuingia kwa juu wakati watu wamelala. Huko Gambia watafiti walijaribu kuziba nyumba za watu, nyingine madirisha, milango na mianya yote, nyingine dari peke yake kwa wavu, na matokeo yakachapishwa 2009 katika jarida la Lancet. Nyumba zilizopata dari ya wavu tu ziliingiwa na mbu pungufu kwa asilimia 47 hivi, na watoto wenye upungufu wa damu, waliokuwa kama 19 katika kila 100 kwenye nyumba zisizozibwa, walikuwa kama 12. Kwa kaunti ya Kwale, ambako malaria haijaondoka, hayo si mambo ya kupuuza. Dari ni kinga. Ugomvi wangu ni na dari isiyofunguka.

Wageni wa dari wanaostahili maelezo marefu ni popo. Wanaopenda nyumba zetu si wale wakubwa wanaokula maembe na korosho, bali popo wadogo wa kahawia wala wadudu, wenye mkia unaochomoza nje ya utando. Mmoja wao, ambaye wanasayansi humwita Mops condylurus, huchagua kwa makusudi nafasi iliyo chini kabisa ya mabati, na huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 40 ambalo lingewafukuza wengine. Mwanya wa upana wa kidole gumba unamtosha. Dalili zake ni doa la mafuta kwenye ukingo wa tundu, harufu kali ya mkojo, na kinyesi kilichotapakaa ukutani na chini. Kinyesi hicho hufanana na cha panya kwa ukubwa, ila ukikisaga kwa kijiti hugeuka unga unaometameta, kwa sababu ndani yake ni mabawa na magamba ya wadudu. Cha panya hakisagiki hivyo.

Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba popo wa jamii hii, waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za watu nchini Sierra Leone, walikutwa na kirusi cha Bombali, ndugu wa Ebola. Popo walionaswa mwaka huo huo katika eneo la milima ya Taita, kaunti inayopakana na Kwale, walikutwa nacho pia. Hajajulikana binadamu aliyeugua kwa kirusi hicho, na popo hao hao hula wadudu wengi kila usiku, kwa hiyo hakuna sababu ya kushika fimbo. Hatari iliyo karibu zaidi ni ya kawaida kabisa: vumbi. Kinyesi cha popo kilichokaa mahali pamoja huotesha kuvu, na mtu akifagia kikavu ndani ya dari iliyofungwa huvuta mbegu zake mapafuni. Kwanza kinyunyiziwe maji, mtu afunge barakoa nzuri, ndipo kikusanywe.

Kuwatoa kunahitaji subira, na ndipo wengi hukosea. Mtu husimama nje magharibi, anaona wanakotoka, anaziba usiku huo huo. Ndani wamebaki watoto wasioweza kuruka, ambao watakufa na kuoza juu ya kitanda cha mtu. Njia iliyo bora ni kusubiri msimu wa watoto upite, kisha kutundika kipande cha wavu juu ya tundu, kimefungwa juu na pembeni, chini kimeachwa huru. Popo anayetoka hukisukuma na kuteleza nje, anayerudi hajui pa kupenyeza. Baada ya siku kadhaa tundu linazibwa kwa saruji. Kufukiza moshi chini ya paa, dawa ya wazee, kumeshateketeza zaidi ya popo.

Na penye panya au popo, nyoka huja kula. Hilo ni sababu tosha ya kutoingiza mkono mahali ambapo tochi haijatangulia.

Mbao huficha kwa ustadi kuliko mnyama yeyote. Zamani paa la mwambao lilikuwa la mikoko, hasa mkandaa na mkoko wenyewe, iliyouzwa kwa madaraja ambayo kila fundi aliyajua: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Magome yake yana tanini nyingi na mti wenyewe ni mzito na mgumu. Mchwa huuacha kwanza na kutafuta kilicho laini. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba katika majumba ya mawe ya Waswahili, kiasi cha mita mbili na nusu au tatu, na ndiyo sababu vyumba vyao ni virefu na vyembamba. Kisha mikoko ikapungua. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti ng'ambo, na vizuizi vya kukata vikaongezwa baadaye. Katika ghuba ya Gazi, wanakijiji wa Gazi na Makongeni tangu 2013 wanapata fedha kwa kuuacha mkoko usimame, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja unaouza hewa ya kaboni. Mimi naona ni biashara safi. Ila mjenzi wa leo ameingia kwenye mvinje, mkaratusi na mbao laini za kutoka bara, na miti hiyo haina ukaidi wa mkandaa.

Wanaojenga kwa mvinje wanalijua hilo. Huchoma mguu wa nguzo mpaka uwe mweusi, au huutia oili chafu kabla ya kuuchimbia. Tatizo ni mbao za juu, zisizoonekana, ambazo mara nyingi hupigwa misumari zikiwa mbichi na bila dawa, kisha dari ikafungwa chini yake.

Mwenye nyumba anayetaka kujua nani anamla aangalie kinachodondoka. Mchwa wa ardhini lazima aunganike na udongo, kwa hiyo hujenga njia ya udongo yenye upana wa penseli kutoka msingini, na akiweza ataipitisha nyuma ya plasta, kati ya fremu ya mlango na jiwe, mahali ambapo hakuna jicho. Rangi ya fremu hubaki nzima huku ndani ni pumba; ukiibonyeza kwa dole gumba linazama. Mchwa wa mbao kavu hahitaji ardhi kabisa. Huishi ndani ya ubao huo huo anaoula na kusukuma nje uchafu wake, chembe ndogo ngumu ambazo kwa kioo cha kukuzia zina pande sita. Bungua huacha unga laini kabisa chini ya vitundu vya mviringo. Fagia pale, halafu rudi kesho. Kama unga mpya upo, kazi inaendelea. Kama haupo, huenda unatazama ugonjwa wa miaka kumi iliyopita na fundi anakuuzia dawa usiyoihitaji.

Kuhusu dawa zenyewe, jambo moja. Aldrini na dieldrini, zilizomwagwa kwenye misingi kwa miongo mingi, zimo katika orodha ya kwanza ya sumu zilizokatazwa na Mkataba wa Stockholm wa 2001, kwa kuwa haziozi na huingia kwenye maji na maziwa ya mama. Chupa isiyo na lebo inayosifiwa kuwa ni ile kali ya zamani isiruhusiwe kuvuka kizingiti.

Sasa ukuta. Mawe yanayochongwa kwenye matimbo ya Waa na Tiwi ni miamba ya matumbawe iliyoota chini ya bahari wakati maji yalipokuwa juu kuliko leo, miaka ipatayo 125,000 iliyopita. Ukipata ukuta usiopigwa plasta, angalia kwa makini: maua na nyota za matumbawe bado zimo. Ni jiwe jepesi, linakatika kwa msumeno, na limejaa vijitundu. Linanyonya maji kama mkate kwenye chai.

Maji yanayopanda kutoka ardhini hubeba chumvi. Yanapofika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi inabaki, fuwele zake zinakua ndani ya vijitundu na kusukuma plasta mpaka imwagike. Kila mpangaji wa Diani anaujua huo unga mweupe unaochomoza kwenye kuta, kimo cha goti au kiuno, na kila mwenye nyumba anaujua utaratibu wake: kukwangua, kupaka rangi, kusubiri masika, kukwangua tena. Tiba inayochaguliwa mara nyingi, plasta ngumu ya saruji, huzidisha maradhi. Maji yakizuiwa kutoka chini, hupanda kutafuta pa kutokea juu zaidi. Wazee waliotumia chokaa hawakuwa na maabara, lakini chokaa hupumua. Katika Mji Mkongwe wa Unguja wahifadhi wanashikilia chokaa mpaka leo kwa sababu hiyo. Kinachozuia maji yasipande ni ile karatasi nyeusi inayotandazwa juu ya msingi kabla ya kozi ya kwanza ya mawe, ambayo mafundi huiita dipisii. Inagharimu kidogo sana kulinganisha na nyumba. Ikiachwa, hakuna atakayejua mpaka wapaka rangi waondoke.

Hapa pwani hata vyombo hudanganyika. Kipimo cha unyevu chenye pini mbili hufanya kazi kwa kupitisha umeme kidogo ukutani: maji yakiwa mengi, umeme unapita vizuri. Lakini chumvi nayo hupitisha umeme, kwa hiyo ukuta uliokwisha kukauka lakini umejaa chumvi utasomeka kuwa umelowa. Mkaguzi aliyefunzwa kwingine anaweza kukuandikia ripoti ya mafuriko yasiyokuwepo. Afadhali kipande cha foili ya jikoni kibandikwe ukutani, kingo zote zizibwe kwa tepu, kiachwe siku nzima. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa hewa tu, na dirisha likifunguliwa litafanya kazi kuliko fundi.

Msikiti wa Kongo unasimama Diani, mto Mwachema unapoingia baharini, katikati ya mibuyu. Umejengwa kwa matumbawe na chokaa, kwa matao yanayobebana yenyewe, na baada ya karne kadhaa bado watu wanaswali ndani yake. Hauna nondo hata moja. Nalitaja hilo kwa sababu nondo, ambayo tunaiona kama ithibati ya uimara, ndiyo hatari kubwa zaidi ndani ya zege la ufuoni. Chuma kilichozungukwa na saruji nzuri hakipati kutu, kwani saruji hukikinga. Chumvi huivunja kinga hiyo. Inaingia kwa upepo wa bahari, lakini pia inaweza kuletwa kwa lori, ndani ya mchanga wa ufuoni usiooshwa ambao mjenzi ameununua kwa bei rahisi. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, basi nondo inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ufa wa namna hiyo haupindipindi. Hunyooka, ukifuata nondo, na baadaye hutoa maji ya rangi ya kutu. Ukigonga pembeni yake kwa kitako cha nyundo unasikia uwazi badala ya ugumu. Balkoni na ukingo wa dari ya zege ndivyo vya kugonga kwanza, kwa sababu vinaning'inia juu ya vichwa vya watu.

Wahandisi wana maji fulani, fenolifthaleini, wanayoyanyunyiza kwenye zege lililovunjwa. Zege ambalo bado lina ualikali hugeuka rangi ya waridi iliyokolea, lililoupoteza halibadiliki; chumvi hayaionyeshi. Chupa moja ndogo, na jibu linaonekana papo hapo.

Masimulizi ya watu waliozikwa hai ndani ya kuta au chini ya nguzo hayakosi penye jumba kuukuu. Husimuliwa Gazi, alikokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 kisha akavuka kwenda upande wa Wajerumani. Husimuliwa Unguja kuhusu Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Kila mtembeza wageni anayo yake. Lakini Beit al-Ajaib ilipoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika ukarabati, na kuua watu wawili, hakikuwa kisa cha siri ya ukutani. Sehemu ya roshani yake ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka 2012, na maji ya mvua yalikuwa yakipenya kwa miaka mingi. Jengo lilikuwa limesema.

Nyumba ya kawaida nayo husema, kwa lugha isiyohitaji mashine. Zima taa usiku, bandika tochi ukutani ili mwanga uteleze juu ya plasta, na kila uvimbe utatoa kivuli ambacho mchana hakionekani. Ufa uandikwe tarehe kwa penseli kwenye ncha zake mbili; ukivuka alama kabla ya vuli, aitwe mhandisi, na kama haujasogea, aitwe mpaka rangi. Anayeshuku bomba linavuja ndani ya ukuta afunge mifereji yote usiku, asome mita, aisome tena alfajiri kabla ya mtu kunawa. Namba ikiwa imesogea, maji yamekwenda mahali, na bili ya KWAWASCO itamfuata hata asipopajua.

Kamera za joto zimeanza kutajwa, na watu huzidhania kuwa zinaona ndani ya ukuta. Hazioni. Zinaonyesha joto la uso wa ukuta tu, na kazi ya kubashiri kilicho nyuma hubaki kwa binadamu. Palipolowa huwa baridi kidogo kwa sababu maji yanakauka pale. Adhuhuri ya Diani, mabati yakiwa moto na kuta zikiwa moto, kamera hiyo itakuonyesha joto na joto. Itumie baada ya magharibi, paa linapopoa na ukuta bado haujapoa.

Kuna kitu cha darini ambacho hakipigi kelele wala kudondosha unga. Baadhi ya majengo ya zamani ya umma na nyumba za wafanyakazi bado zina mapaa ya asbesto, ambayo pwani yalipendwa kwa kuwa hayapati kutu. Yakiachwa mazima hayana fujo. Yakikatwa, kutobolewa au kuvunjwa hutoa nyuzi zisizoonekana zinazoleta saratani ya mapafu na ya utando wake, miaka mingi baadaye. Mamlaka ya mazingira, NEMA, inataka yaondolewe na wenye leseni tu. Vipande vyake hata hivyo huonekana vimegeuzwa uzio wa kuku.

Chini ya sakafu nako si kugumu kama tunavyodhani. Mwamba wa matumbawe huliwa na maji ya mvua na kuacha mapango; yale ya Shimoni yanatembelewa kwa tiketi, lakini madogo yasiyo na jina yako kote. Mchimba choo akifika mahali sururu ikazama bila upinzani, wengi hushukuru kwa kupunguziwa kazi: shimo hilo halitajaa kamwe. Haliwezi kujaa kwa sababu linamwaga kwenye maji yale yale ambayo kisima cha jirani kinachota.

Si kila kilichojificha ni balaa. Kwenye nyufa za kuta za udongo huishi nyuki wadogo wasiouma, wadogo kuliko nzi, wanaoingilia kimirija cha nta kilichochomoza ukutani. Asali yao ni kidogo na chachu, na hutafutwa kwa dawa ya kifua. Mwenye ukuta wa namna hiyo husiriba akizunguka kile kimirija.

Nyumba nyingi zinazoinuka sasa Kwale zinajengwa na watu wasiokuwepo. Fedha zinatoka Jeddah, Doha, Nairobi au Mombasa, na habari zinakwenda kwa WhatsApp: picha ya ukuta uliopakwa rangi, picha ya geti, picha ya dari inayong'aa. Hizo ni picha za kitu ambacho kingeonekana hata bila picha. Anayetuma pesa angeomba nyingine, kabla ya kila awamu kulipwa. Mtaro wa msingi ukiwa mtupu, na kijiti cha kupimia ndani yake. Dipisii ikiwa imetandazwa, kabla ya jiwe la juu. Nondo zikiwa zimefungwa na kuinuliwa kwa vipande vya zege zisiguse mbao, kabla ya kumwaga. Mabomba na nyaya zikiwa kwenye mikato yake ukutani, futi ya kupimia imenyooshwa kutoka kona ya chumba, kabla ya plasta. Mbao za paa zikiwa zimepakwa dawa, kabla ya jipsamu. Na mwisho, picha ya mlango wa dari wa sentimita 60 kwa 60, ukiwa wazi, na kichwa cha fundi kimechomoza humo.

Fundi mwaminifu hatanuna. Atauliza tu nani atamnunulia bando.